Cairo kwa Hesabu za Kundi C: Simulizi ya Safari ya AFCON 2019

Alhamisi, 20 Juni 2019

Mashindano haya ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, yalipaswa kuchezwa Cameroon. Mwishoni mwa Novemba 2018 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliwanyang'anya Wacameroon uenyeji kwa sababu ya kuchelewa kwa maandalizi, na Januari 8, 2019 Misri ikapewa kazi hiyo ikiwa imebakiwa na miezi mitano na siku chache. Ndiyo maana sisi Watanzania tuliofuzu Machi 24 kwa kuwafunga Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam tumejikuta leo kwenye foleni ya uhamiaji ya Cairo badala ya Yaoundé au Douala. Maelezo haya nimeyaandika usiku baada ya usiku, na machache nimeyaongeza niliporejea.

Katika msafara wetu yumo mzee mmoja aliyesikiliza redioni mechi za Lagos za mwaka 1980, ambayo ndiyo mara ya mwisho, na ya kwanza, kwa Tanzania kufika katika fainali hizi. Miaka 39 imepita. Vijana wote katika basi walimwamkia, kisha wakamuuliza swali lile lile kwa namna tofauti: je, safari hii tutavuka? Mzee alijibu kwa kutaja kanuni, na kanuni zenyewe zinafaa kuelezwa mapema kwa kuwa zitarudi mara kwa mara katika simulizi hii. Hii ni mara ya kwanza kwa fainali kuwa na timu 24, zilizogawanywa katika makundi sita ya timu nne nne; sisi tuko Kundi C pamoja na Senegal, Algeria na Kenya. Mbili za juu za kila kundi zinafuzu moja kwa moja, na zinaungana na timu nne bora kati ya sita zitakazoshika nafasi ya tatu. Kwa lugha nyingine, hatua yote ya makundi, yenye mechi 36, inaziondoa timu nane tu. Mzee aliona hiyo ni neema. Mimi nilikuwa na mashaka, kwa sababu kanuni inayomwachia kila mtu tumaini humfanya pia kila mtu kuwa mtumwa wa matokeo ya wengine.

Ijumaa, 21 Juni

Mechi ya ufunguzi, Misri dhidi ya Zimbabwe, ilianza saa nne usiku kwa saa za hapa, yaani saa tano nyumbani. Waandaaji wamezisogeza mechi nyingi jioni kwa sababu ya joto, na mechi zina mapumziko ya kunywa maji katika kila kipindi. Tulipanda metro ya mstari wa tatu kutoka Attaba hadi kituo kinachoitwa Stadium, hatua chache kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Cairo. Ndani ya behewa hapakuwa na nafasi hata ya kuinua mkono.

Hakuna anayepita lango bila kitambulisho cha shabiki, kadi yenye picha inayovaliwa shingoni, na ukaguzi unarudiwa mara kadhaa kabla hujaliona jani la uwanja. Utaratibu huu una historia nzito. Februari 2012 zaidi ya watu 70 walikufa katika uwanja wa Port Said, na Februari 2015 mashabiki wapatao 20 wa klabu ya Zamalek walipoteza maisha langoni mwa uwanja ambao leo unaitwa 30 Juni, huo huo watakaouchezea Taifa Stars, timu yetu ya taifa. Kwa miaka mingi baada ya hapo mechi za ligi ya Misri zilichezwa bila watazamaji au mbele ya wachache. Usiku huu, kwa hiyo, Wamisri wengi walikuwa wakirudi mahali walipozuiliwa, na kelele zao zilikuwa na kitu zaidi ya furaha ya mpira.

Mpira wenyewe ulikuwa wa wastani. Trezeguet alifunga dakika ya 41, bao likawa hilo hilo moja, na Zimbabwe waliondoka wakiwa wamecheza vizuri kuliko matokeo yanavyoonyesha.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya Uganda. Mechi dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipigwa saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa bado kali, na majukwaa ya uwanja ule mkubwa yalikuwa na viti vitupu kuliko watu. Hilo ni jambo ambalo televisheni hulificha: Misri isipocheza, uwanja wa watu zaidi ya 70,000 huwa jangwa lenye visiwa vya rangi. Kisiwa chetu kilikuwa cha njano, nyekundu na nyeusi, nasi Watanzania tulijiunga nacho bila kualikwa.

Patrick Kaddu alifunga kwa kichwa dakika ya 14, na Emmanuel Okwi naye kwa kichwa dakika ya 48. Okwi kwetu si mgeni. Mashabiki wa Simba waliokuwa nami walimshangilia kwa jina kana kwamba amefunga pale Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, huku wa Yanga wakipiga makofi ya heshima tu, yaliyokuwa na ubahili ndani yake. Uganda ilikuwa haijashinda mechi ya fainali hizi tangu 1978, mwaka ilipofika fainali na kufungwa na Ghana. Baada ya filimbi ya mwisho Waganda hawakutaka kutoka, na walinzi waliwaachia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Usiku tuliwatazama Burundi kwenye televisheni ya mgahawani. Ilikuwa mechi yao ya kwanza kabisa katika fainali hizi, na walishikilia sare na Nigeria hadi dakika ya 77, Odion Ighalo alipowavunja moyo. Hii ni mara ya kwanza kwa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi kuwa pamoja katika mashindano haya, na tulikubaliana mezani kwamba tutawashabikia wote isipokuwa siku ile ya tarehe 27, ya Tanzania na Kenya, ambayo kila mmoja aliijua bila kutajiwa.

Jumapili, 23 Juni

Uwanja wa 30 Juni uko mbali, mashariki mwa jiji, na metro haifiki. Tulikodi basi dogo na kuondoka mapema mno, uamuzi ambao ulionekana wa woga hadi tulipokutana na msongamano.

Senegal walimkosa Sadio Mané aliyekuwa na adhabu ya kadi, na kwa nusu saa ya kwanza tulijidanganya kwamba hilo litatosha. Halikutosha. Tangu mwanzo mpira ulikuwa wao. Walikimbia zaidi, waliruka juu zaidi, na kila walipopoteza mpira waliurudisha kabla Samatta hajageuka. Nahodha wetu alikuja hapa akiwa bingwa wa Ubelgiji na Genk, lakini mshambuliaji asiyeletewa mpira hana tofauti na mtazamaji aliyekaa karibu sana. Keita Baldé alifunga dakika ya 28 na Krépin Diatta akaongeza la pili kwa shuti kali dakika ya 64. Bila Aishi Manula tungehesabu matano. Nasema hivi bila kejeli: Manula alikuwa mchezaji wetu bora usiku ule, na timu ambayo kipa ndiye bora wake huwa imeshajibu maswali mengi kuhusu mechi.

Kocha Emmanuel Amunike, ambaye mwenyewe aliifungia Nigeria mabao mawili katika fainali ya 1994, aliwapanga vijana wakae nyuma na kuvizia. Wengi kwenye basi walimlaumu kwa woga. Sikukubaliana nao. Kwa wachezaji aliokuwa nao dhidi ya timu ile, sioni mpango mwingine ambao ungeleta matokeo bora; kilichokosekana ni ule uwezo wa kushika mpira kwa sekunde kumi ili mabeki wapumue.

Saa nne usiku, katika uwanja huo huo, Kenya walikutana na Algeria na kupigwa mbili pia, penalti ya Baghdad Bounedjah na bao la Riyad Mahrez, yote kabla ya mapumziko. Mabao yakawa sawa: majirani wawili, sifuri kwa mbili kila mmoja.

Jumatatu na Jumanne, 24 na 25 Juni

Siku za kupumzika kwa Kundi C. Nilikwenda Giza kuziona piramidi, kama kila mtu. Ghana na Benin walitoka sare ya 2-2 huko Ismailia usiku wa Jumanne. Hakuna aliyeijali mezani petu. Iandikwe hapa kwa sababu ya yatakayofuata.

Jumatano, 26 Juni

Uganda 1, Zimbabwe 1. Okwi tena, dakika ya 12, kisha Khama Billiat akasawazisha dakika ya 40. Pointi nne katika mechi mbili ziliwatosha Waganda kulala wakitabasamu. Misri wakawafunga Wakongo 2-0 na uwanja ukarudi kuwa uwanja.

Alhamisi, 27 Juni

Watu wa Nairobi walifika na ngoma za isukuti, watu wa Dar na vuvuzela pamoja na bendera moja kubwa iliyohitaji watu wengi kuibeba. Nje ya lango utani ulikuwa wa aina ile tunayoijua: Mkenya mmoja alitaka kujua kama tumekuja kwa ajili ya mpira au kwa ajili ya kupiga picha na Samatta, naye kijana wetu akamjibu kwa Kiswahili sanifu cha kusudi, polepole, akisema kwamba atamweleza kwa lugha rahisi ili aelewe. Wamisri waliokuwa zamu walituangalia wakidhani tunagombana, hadi walipotuona tukigawana maji.

Kwanza tulitazama Senegal na Algeria, saa moja jioni. Waalgeria walikuwa wengi, wakiimba wimbo wao wa kuhesabu moja, mbili, tatu, na Youcef Belaïli alifunga bao pekee mara tu baada ya mapumziko. Nilimwambia jirani yangu kwamba hizi ndizo timu mbili bora nilizoziona hadi sasa. Julai 19 zilikutana tena, kwenye fainali, na Algeria ikashinda tena 1-0. Yaani kundi letu lilitoa bingwa na mshindi wa pili, jambo linalopaswa kukumbukwa na kila anayesema kwamba Taifa Stars na Harambee Stars ziliaibika.

Kisha ikafika saa nne usiku. Dakika ya 6 Samatta alipiga, kipa Patrick Matasi akautema mpira, na Simon Msuva akaumalizia wavuni. Lilikuwa bao letu la kwanza katika fainali hizi tangu Lagos, na mzee wetu hakushangilia kwa kuruka. Alikaa, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Kwa nusu saa tulikuwa tunaongoza. Dakika ya 39 Michael Olunga alijipindua hewani na kufunga kwa tikitaka, bao ambalo hata upande wetu lilipata miguno ya kukiri. Hatujamaliza kulaumiana, Samatta akafunga dakika ya 40. Sijawahi kuona majukwaa mawili yakibadilishana sauti kwa haraka namna ile. Wimbo wa Wakenya ulikatika katikati ya neno.

Tulikwenda mapumziko tukiongoza 2-1, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kipindi cha pili hatukufungwa kwa bahati. Kenya walianza kuushika mpira katikati, Victor Wanyama akishuka chini kuuchukua na kuugawa bila haraka, na viungo wetu wakaanza kuwafuata badala ya kuwasubiri. Kila dakika iliyopita mstari wetu wa nyuma ulirudi hatua moja. Johanna Omolo alisawazisha kwa kichwa kutokana na kona dakika ya 62, na sura za wachezaji wetu wakati wa kurudisha mpira katikati zilionyesha watu waliokwisha kuijua mechi hii inaelekea wapi. Olunga alifunga la tatu dakika ya 80, kwa shuti la chini, na muda uliobaki tuliutumia kurusha mipira mirefu kwa mtu mmoja. Tulikuwa na dakika 45 za kulinda bao moja, na hatukuwa na mtu wa kutulia na mpira miguuni. Pengo hilo halizibwi na kocha kambini. Huzibwa na ligi ambamo mchezaji hukabwa hivyo kila wiki.

Kwa Kenya huo ulikuwa ushindi wa pili tu katika historia yao ya fainali hizi, baada ya ule wa 2004 dhidi ya Burkina Faso. Kwetu ulikuwa mwisho. Watu wengi kwenye basi hawakuamini nilipoeleza: bado tuna mechi na Algeria, tukishinda tutakuwa na pointi tatu, je, hatuwezi kuwa wa tatu? Hatuwezi. Timu zikilingana pointi, CAF huangalia kwanza matokeo kati ya timu hizo zenyewe, kabla ya tofauti ya mabao. Na sisi tulikwisha fungwa na Senegal na sasa na Kenya. Kila njia niliyoijaribu kwenye karatasi ilituacha nafasi ya nne. Mzee aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaikunja vizuri na kunirudishia.

Ijumaa na Jumamosi, 28 na 29 Juni

Wakenya waliokuwa hoteli ya jirani walikuja kutwa nzima kuomba hesabu. Wana pointi tatu, mabao matatu ya kufunga, manne ya kufungwa. Sare na Senegal inawapitisha bila mjadala. Wakifungwa, watasubiri.

Jumamosi usiku Benin walitoka sare nyingine, bila mabao, na Guinea-Bissau.

Jumapili, 30 Juni

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka kituo cha Ramses kwenda Alexandria, nikiwa sina timu, na ikawa siku nzuri kuliko zote. Uwanja wa Alexandria ni wa tangu 1929, una nguzo na matao ya mawe ambayo viwanja vipya havina, na upepo wa Bahari ya Kati unafika hadi jukwaani. Madagascar, wageni kabisa katika fainali hizi, walicheza na Nigeria waliokwisha kufuzu. Lalaina Nomenjanahary alifunga dakika ya 13 baada ya beki wa Nigeria kutegemea muda asiokuwa nao, na Carolus Andriamatsinoro akaongeza dakika ya 53. Madagascar 2, Nigeria 0, na kisiwa kile kikamaliza juu ya Kundi B na pointi saba. Kama kuna hoja ya kutetea timu 24, ilikuwa ikikimbia mbele yangu.

Burundi, siku hiyo hiyo, walifungwa 2-0 na Guinea na kuondoka bila pointi wala bao. Walicheza vizuri katika mechi zote tatu hadi kwenye boksi la wapinzani, na pale kila kitu kilizimika. Nilirudi Cairo usiku nikiwa nimeikosa Uganda na Misri. Wenyeji walishinda 2-0, Salah akifunga kwa faulo, lakini Uganda walikwisha pata walichohitaji na kumaliza wa pili.

Jumatatu, 1 Julai

Mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo sisi tulipelekwa Uwanja wa Al Salam kucheza na Algeria na Kenya wakabaki 30 Juni. Algeria walibadilisha karibu kikosi chote, na hicho cha pili kilitufunga matatu kabla ya mapumziko: Islam Slimani, kisha Adam Ounas mara mbili. Kipindi cha pili hakikuwa na bao, nami kwa kweli sikukitazama kwa makini. Nilikuwa na simu sikioni.

Upande wa pili Matasi alikuwa amepangua penalti ya Mané. Dakika ya 50, bila bao. Dakika ya 60, bila bao. Jukwaa la Watanzania waliokuwa wakifungwa 3-0 likaanza kushangilia Kenya, na Waalgeria waliokuwa karibu wakabaki wakitutazama. Kwa zaidi ya saa moja majirani zetu walikuwa ndani ya 16 bora. Dakika ya 63 Ismaïla Sarr akafunga, dakika ya 71 Mané, kisha Philemon Otieno akatolewa kwa kadi nyekundu na Mané akafunga penalti ya pili. Tatu kwa sifuri. Tofauti ya mabao ya Kenya ikawa hasi nne.

Jumanne, 2 Julai

Jioni tulikaa na Wakenya kutazama Cameroon na Benin, mechi ambayo juma moja kabla hakuna kati yetu angeipa dakika tano. Guinea walikuwa na pointi nne katika nafasi ya tatu ya kundi lao. Kongo, Afrika Kusini na Kenya walikuwa na tatu tatu. Nafasi zilikuwa nne, na Benin, wenye pointi mbili, walihitaji moja tu ili kuwaruka Kenya kwa tofauti ya mabao.

Cameroon nao walikuwa salama, hawakuwa na sababu ya kujichosha, na hilo lilionekana. Mkenya aliyekaa kulia kwangu aliwasihi kwa majina yao mmoja mmoja. Mpira ulirudishwa nyuma, ukapelekwa pembeni, ukarudishwa tena. Sifuri kwa sifuri.

Kenya wameshinda mechi moja na kufungwa mbili. Benin hawajashinda wala kufungwa. Pointi ni tatu kwa tatu. Ndugu wale walilipa chai yao na yetu, wakakataa kurudishiwa, wakaenda kufunga mizigo. Siku tatu baadaye, nikiwa nimesharudi Dar, Benin waliitoa Morocco kwa mikwaju ya penalti na kuingia robo fainali, bado wakiwa hawajashinda mechi hata moja ndani ya dakika za uwanjani. Mkenya yule alinitumia ujumbe usiku huo, wenye alama ya kuuliza peke yake.